Mume au Mwana Akifia Mjengoni: Haki ya Familia Kupata Fidia Nchini Kenya

Kazi ya mjengo inalisha familia nyingi nchini Kenya, lakini pia ina hatari kubwa. Mtu anaweza kuanguka kutoka ghorofa ya juu, kufukiwa na udongo akichimba msingi, kupigwa na umeme au kuangukiwa na ukuta. Mara nyingi anayebaki na watoto, wazee na deni la hospitali ni mama.

Kama msiba huu umekufika, pole sana. Ukurasa huu unaeleza mambo ambayo familia nyingi huyajua wakiwa wamechelewa. Kubwa zaidi ni hili: fidia ni haki yako kisheria, si zawadi ya mwajiri, na ina muda wake.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayojulikana kama WIBA, inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Mfanyakazi akifa kutokana na ajali ya kazini, wanaomtegemea hulipwa fidia. Gharama zinazofaa za mazishi pia ni juu ya mwajiri, hadi kiwango kilichowekwa, na hizo ni tofauti na fidia.

Fidia ya kifo hukokotolewa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Kwa mfano, kama marehemu alikuwa akipata shilingi 18,000 kwa mwezi, hesabu inaanzia 18,000 mara 96, yaani shilingi 1,728,000. Kiasi cha mwisho hutegemea viwango vya chini na vya juu vilivyowekwa, na ushahidi wa mapato yake. Ndiyo maana karatasi ndogo ndogo zina thamani kubwa.

"Lakini alikuwa kibarua tu"

Hili ndilo neno ambalo wajane huambiwa mara nyingi, na huwavunja moyo. Sheria inamtambua mtu aliyeajiriwa kwa ujira, pamoja na anayejifunza kazi. Kukosa barua ya kuajiriwa hakumaanishi kwamba hakuwa mfanyakazi. Unachohitaji ni kuonyesha kwamba alikuwa akifanya kazi pale na alikuwa akilipwa.

Wengine huambiwa kwamba marehemu alijiletea mwenyewe kwa sababu hakuvaa kofia ngumu. Ajali iliyosababisha kifo haikataliwi fidia kwa sababu ya kosa la mfanyakazi pekee. Usiondoke kwa sababu ya maneno hayo.

Siku za kwanza: fanya haya

Huenda huna nguvu za kutembea ofisi hata moja. Mpe kazi hii ndugu, shemeji au jirani unayemwamini.

1. Hakikisha ajali imeripotiwa. Kwa ajali ya kifo, mwajiri anapaswa kuarifiwa, na taarifa ifike kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini (DOSHS) ndani ya saa 24. Mwajiri naye anatakiwa kuwasilisha ripoti yake ndani ya siku 7 baada ya kupata taarifa. Usidhani amefanya hivyo. Uliza na uombe nakala.

2. Piga ripoti kwa polisi na uandike nambari ya OB.

3. Omba uchunguzi wa maiti kabla ya kuzika. Najua wengi hawaupendi, na wengine wana haraka ya mazishi kwa sababu ya dini au gharama ya mochari. Lakini ripoti ya daktari ndiyo inayoonyesha kwamba alikufa kwa majeraha ya ajali, wala si kwa ugonjwa. Ukishazika bila ripoti hiyo, ni vigumu kurudi nyuma.

4. Chukua majina na nambari za simu za wenzake waliokuwepo. Watu wa mjengo huhama, na baada ya mwezi mmoja huenda usimpate hata mmoja.

5. Piga picha ya ubao wa mradi ulio langoni. Mara nyingi unaonyesha mwenye mradi na mkandarasi.

6. Hifadhi simu ya marehemu na laini yake. Ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kila wiki ni ushahidi wa mapato.

Usitie sahihi haraka

Mara nyingi mwajiri huja matangani na bahasha ya rambirambi, pamoja na karatasi ya kutia sahihi. Pokea pole, lakini usitie sahihi karatasi usiyoielewa, hasa ikisema kwamba familia haitadai kitu kingine. Mwambie utaisoma na watu wako kwanza. Kama umeshatia sahihi, usikate tamaa. Beba nakala uende nayo ofisini ukaulize.

Jihadhari pia na madalali wanaozunguka hospitalini na mochari wakiahidi pesa za haraka. Huhitaji wakili ili kuwasilisha madai.

Madai hupelekwa wapi?

Nenda ofisi ya DOSHS ya kaunti yako. Kama huijui, fika ofisi ya leba uelekezwe. Madai yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya kifo. Hii ni muhimu kwa aliyelazwa wiki au miezi kadhaa kabla ya kufariki. Katika hali hiyo, beba karatasi zote za hospitali, kuanzia siku ya kwanza.

Beba pia:
- cheti cha kifo na ripoti ya uchunguzi wa maiti
- kitambulisho chako na cha marehemu
- cheti cha ndoa, au barua ya chifu kama mlioana kimila
- vyeti vya kuzaliwa vya watoto
- kijitabu cha kliniki kama una mimba
- ushahidi wa kazi na malipo

Madai yakishafika kwa mwajiri au kampuni ya bima, wanatakiwa kulipa ndani ya siku 90. Pesa hupitia kwa Mkurugenzi, naye anatakiwa kuwakabidhi wanaohusika ndani ya siku 30. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kuupinga kwa maandishi. Ukihitaji msaada wa kisheria bila malipo, uliza Kituo cha Sheria, FIDA Kenya au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Na wewe, mama?

Kufuatilia fidia huchukua miezi, na mwili wako unapaswa kuhimili safari hiyo. Kula hata kidogo kidogo na unywe maji. Kama unanyonyesha, endelea. Huzuni na mshtuko vinaweza kufanya maziwa yachelewe kushuka, lakini hayajaharibika. Mweke mtoto kwenye titi mara kwa mara.

Waambie watoto ukweli kwa maneno mepesi: baba ameumia kazini, amekufa, na hatarudi. Ukisema amesafiri, watamngoja.

Nenda kituo cha afya mara moja kama una mimba na unatokwa na damu, au mtoto amepunguza kucheza tumboni. Nenda pia kama umekosa usingizi usiku mwingi mfululizo, huwezi kumhudumia mtoto, au unawaza kujidhuru. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako anaweza kukusindikiza.

Leo, kabla ya kulala, fanya jambo moja: tafuta bahasha, weka ndani karatasi zote ulizo nazo, na uandike juu yake tarehe ya kifo. Hesabu miezi 12 kuanzia hapo.