Kuingia Sokoni: Istilahi ya Mapatano ya Biashara

Wakubwa wawili wa uchumi, tuseme Marekani na China, wakikaa mezani, waandishi wetu hurudi na istilahi tatu kwa jambo moja: "ufikiaji wa soko", "upatikanaji wa soko" na "fursa ya soko". Jambo lenyewe ni masharti yote ambayo nchi humwekea mgeni kabla hajauza au kununua kwake. Ushuru ni sharti mojawapo tu.

Historia ya Mrima, pwani ya bara inayotazamana na Unguja, Bagamoyo na Saadani zikiwemo, inaonyesha tofauti kati ya ushuru na masharti mengine. Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alifunga mkataba na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani. Meli za Salem, bandari ya Marekani, zikawa zinalipa asilimia 5 kwa shehena zinazoshusha, na kitambaa chao cha pamba, merikani, kikaenea mpaka bara. Mkataba wa Waingereza wa 1839 ulikuwa na asilimia 5 hiyohiyo, ila uliongezewa kifungu: pembe na sandarusi za Mrima, kati ya Tanga na Kilwa, mgeni asizinunue hukohuko. Akae Unguja. Pembe ziliteremka pwani mabegani mwa wapagazi, zikavushwa kwa jahazi, zikapita forodhani, ambako Jairam Shivji alikuwa amekodi ukusanyaji wa ushuru, ndipo mnunuzi Mzungu akazitia machoni. Bei nayo ilikwisha kupanda.

Ndiyo maana "ufikiaji" hainiridhishi. Kufika Bagamoyo mgeni aliweza. Alichonyimwa ni kununua. "Upatikanaji" hufanya soko lionekane kama maji ya bomba, na "fursa" tuwaachie wenye semina za ujasiriamali. Mimi nasema "ruhusa ya kuingia sokoni", kwa kuwa ruhusa ina mtoaji, nayo huja na masharti.

Parachichi zetu ni mfano wa juzi. Mapatano ya kuziuza China yalitiwa saini Rais Samia alipozuru Beijing, Novemba 2022. Hata ushuru ungekuwa sifuri, bila mapatano hayo ya afya ya mimea tunda lisingepita: shamba na kituo cha kufungashia lazima visajiliwe, na wadudu wakaguliwe.

Mhariri atalalamika kwamba maneno manne ni mengi. Basi kwenye kichwa cha habari atumie kitenzi: "China yaruhusu parachichi za Tanzania kuingia sokoni."