Kamera ya kitundu

Chukua sanduku lenye giza, lisilo na lenzi, ulitoboe upande mmoja. Mwanga ukipenya humo huchora upande wa pili sura ya kilicho nje, kichwa chini miguu juu. Ibn al-Haytham wa Basra alilichunguza jambo hili katika karne ya 11, akifuatilia kupatwa kwa Jua. Neno kamera nalo, kwa Kilatini, ni chumba tu. Kinachosumbua ni kukitaja kile kitundu.

Tafsiri ya jina la Kiingereza, "pinhole camera", inayokuja upesi ni "kamera ya tundu la sindano". Siipendi. Tundu la sindano Mswahili analijua: ni pale panapopita uzi na asipopita ngamia. Hapa sindano ni ya kutobolea, basi. "Tobo" pia silitaki, maana tobo laweza kuwa na kingo zilizochanika, na hizo ndizo zinazoharibu picha. Nachagua "kamera ya kitundu", kwa kuwa udogo umo ndani ya jina.

Udogo wenyewe una kipimo. Mkebe wenye kina cha sentimita 10 unataka kitundu cha milimita 0.45 hivi. Kikizidi, picha hukosa makali; kikipungua mno, mwanga hutawanyika ukipita kingoni na picha huvurugika vilevile. Kwa hiyo kipande cha bati la kopo la soda, kitakachobandikwa kwenye mkebe kubeba kitundu, hakichomwi kwa pigo moja. Kibonyeze kwa ncha ya sindano mpaka kichunusi kitokeze upande wa pili, ukisugue kwa msasa laini, ubonyeze tena, usugue tena, hadi mwanga uchungulie. Pigo moja huacha vinyuzi vya bati ambavyo jicho halivioni, lakini picha inavionyesha.

Mkebe wa maziwa ya unga unafaa, ila kifuniko chake cha plastiki hupitisha mwanga. Kifunike kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme, na ndani paka rangi nyeusi isiyong'aa. Tepu hiyohiyo ndiyo mlango wa kitundu. Ibandue taratibu, na mkebe uukandamize kwa jiwe, kwani karatasi ya picha huhitaji karibu nusu dakika kwenye jua kali, na kivulini dakika kadhaa. Kila mkebe hubeba karatasi moja, inayowekwa na kutolewa gizani kwenye taa nyekundu. Anayetaka picha sita na abebe mikebe sita.