Datsun katika Tope la Pasaka: Historia Fupi ya Timu ya Nissan

Mlabani, kama kata nyingine za Ifakara, hakuna mtu anayehitaji kuelezwa gari la Kijapani ni nini. Canter za mpunga, Land Cruiser mkonga za miradi, Noah na Coaster za abiria, zote asili yake ni Japani. Bajaji na bodaboda ndizo zilizotokea India na China. Kijana aliyezaliwa hapa baada ya 2000 huenda hajaliona hata mara moja gari lenye jina la Datsun puani. Lakini imani ya watu wa Afrika Mashariki kwa chuma cha Japani ilianza kujengwa na Datsun, kwenye tope la sikukuu ya Pasaka, miaka zaidi ya sitini iliyopita. Kumbukumbu hii ni ya timu iliyoileta: timu ya mashindano ya kampuni ya Nissan, waundaji wa Datsun, iliyoshinda Safari Rally mara 7 kati ya 1970 na 1982.

Mashindano yenyewe yalianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Jina la kifalme liliondoka 1960, ikabaki East African Safari. Wenyeji walijua tangu mwanzo kwamba kipindi cha Pasaka hukutana na masika, nao waandaaji walikipenda kipindi hicho kwa sababu hiyohiyo. Njia zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kilomita elfu kadhaa, usiku na mchana, kwenye barabara za kawaida ambazo hazikufungwa kwa ajili ya mtu yeyote. Dereva wa mashindano alikata kona akakutana na lori la pamba au ng'ombe wa watu. Upande wa Tanzania, sehemu zilizotisha zaidi zilikuwa Mbulu na milima ya Usambara, ambako gari zima liliweza kuteleza kinyumenyume kama sabuni. Mtu aliyewahi kulala njiani kati ya Kidatu na Ifakara mwezi wa Aprili, kabla ya lami, au kungoja kivuko cha Kilombero maji yakiwa yamejaa, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2018, hahitaji picha za mnato kuyaelewa mashindano hayo.

Nissan hawakuja kwa bahati. Japani ya miaka ya 1950 nayo ilikuwa nchi ya vumbi: barabara zake nyingi hazikuwa na lami, na gari dogo lililoundwa kwa ajili ya teksi za Tokyo lilipaswa kuvumilia mashimo kabla ya kufikiria mwendo. Mwaka 1958 mtumishi mmoja wa kampuni, Yutaka Katayama, alipeleka Datsun 210 mbili Australia kushiriki mbio ndefu za kulizunguka bara hilo. Moja iliitwa Fuji, nyingine Sakura. Fuji ilirudi na ushindi wa daraja lake. Kiwandani wakaona kwamba kombe lililotwaliwa barabarani linauza magari nje ya nchi kuliko tangazo lolote. Wakaanza kutafuta barabara mbaya zaidi duniani. Wakazipata kwetu. (Sifa si sifa, lakini tuipokee.)

Mwaka wao wa kwanza ulikuwa 1963, na ni vigumu kubuni mwaka mbaya zaidi wa kuanza. Waliingiza Bluebird na Cedric. Mvua ilinyesha sana hivi kwamba kati ya magari 84 yaliyoondoka, yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, na la Nissan halikuwemo. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa Peugeot 404. Watu wa Safari bado wanawataja hao saba kwa heshima, na miaka mitano baadaye, 1968, maajabu hayo yalijirudia: wakafika tena saba, na Nowicki akashinda tena kwa Peugeot ya aina ileile ya 404.

Kampuni nyingine ingefunga mizigo. Nissan walirudi 1964, wakarudi 1965, na mwaka 1966 Bluebird zao mbili zikashika nafasi ya tano na ya sita na kushinda daraja lao, katika mbio ambazo wengi waliishia mitaroni. Ushindi wa jumla mwaka huo ulikwenda kwa Bert Shankland wa Dar es Salaam na Chris Rothwell, kwa Peugeot 404. Wakaurudia 1967. Tanzania basi ilikuwa na bingwa wake kabla Nissan hawajawa na wao, jambo ambalo vijana wetu wa leo hawalisikii likisemwa. Japani kwenyewe, Safari ilikuwa imewaingia watu kichwani: mwaka 1969 ilitoka sinema ndefu kuhusu timu ya Nissan katika mbio hizi, nyota wake akiwa Yujiro Ishihara, mmoja wa waigizaji waliopendwa kuliko wote nchini humo. Ushindi wa kwanza wa kweli ulikuwa bado haujapatikana.

Ulipatikana Pasaka ya 1970. Gari lilikuwa Datsun 1600 SSS, ile Bluebird ya pembe nne ambayo wazee wengi wa mijini wanaikumbuka kama teksi. Kwa macho ilikuwa ya kawaida kabisa. Chini yake ndiko kulikokuwa na hesabu: injini ya 1600 yenye kamshafti juu, na magurudumu ya nyuma yaliyojitegemea, kila moja likipanda na kushuka bila kulisumbua mwenzake. Kwenye barabara yenye mabati, yale matuta madogomadogo yanayotikisa meno, mpangilio huo unalifanya tairi libaki chini likisukuma badala ya kurukaruka hewani. Edgar Herrmann na Hans Schüller, Wajerumani waliokuwa wakiishi Kenya, wakashika nafasi ya kwanza. Joginder Singh, Kalasinga wa Kenya aliyekuwa ameshinda 1965 kwa Volvo, akaleta Datsun nyingine nafasi ya pili, na kombe la timu nalo likaenda kwa Nissan. Mwaka huohuo Wachina walianza kujenga reli ya TAZARA, ambayo ingelipasua bonde letu na kuacha stesheni hapa Ifakara. Kwa hiyo bonde la Kilombero lilipata reli ya Mchina na gari la Mjapani karibu kwa pamoja, na vyote bado vinatumika.

Mwaka 1971 Nissan walifanya jambo ambalo fundi mwenye busara angelikataza. Waliliacha gari lililoshinda, wakaja na Datsun 240Z, gari la anasa la viti viwili, boneti ndefu, injini ya silinda sita ya lita 2.4. Gari la aina hiyo hulioni likipakiwa mpunga. Herrmann na Schüller wakashinda tena, na wa pili, kwa 240Z nyingine, akawa kijana mzaliwa wa Kampala aliyeitwa Shekhar Mehta. Mwaka 1972 mbio ziliondokea Dar es Salaam. Hannu Mikkola wa Finland akashinda kwa Ford Escort, na huo ndio uliokuwa ushindi wa kwanza wa dereva mgeni. Mpaka hapo Safari ilikuwa imewakataa wote wasiokaa Afrika Mashariki, hata walio mabingwa kwao.

Agosti ya 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Familia ya Mehta, yenye mashamba makubwa, ilikuwa miongoni mwa waliopoteza makao, naye akahamia Kenya. Pasaka iliyofuata, 1973, alikuwa tena ndani ya 240Z na mwelekezi wake Lofty Drews. Mwaka huo Safari iliingizwa katika ubingwa mpya wa dunia wa rally. Baada ya matope yote, Mehta na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa katika Datsun 1800 SSS, walifika wakiwa na alama za adhabu sawasawa. Kanuni ikawaamua: aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila adhabu ndiye mshindi. Akawa Mehta. Fikiria tu: kilomita elfu kadhaa, magari mawili ya timu moja, na tofauti ikatafutwa kwenye karatasi za siku ya kwanza.

Kuanzia hapo siasa zikapunguza ramani. Katikati ya muongo huo mbio zilibaki ndani ya Kenya, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Tanzania ikaifuata Safari kwa redio na magazeti. Nissan nao walipitwa kwa muda: Joginder Singh alishinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, Peugeot na Ford zikachukua miaka mingine.

Waliporudi, walirudi na gari ambalo hakuna aliyelionea kijicho. Violet, iliyouzwa nje kwa jina la 160J, ilikuwa saluni ya baba wa familia. Ile fahari ya magurudumu ya nyuma yanayojitegemea ilikuwa imeachwa; nyuma kulikuwa na ekseli moja ngumu, kitu ambacho fundi wa gereji yoyote ya Ifakara anaweza kukifungua chini ya mwembe. Mwaka 1979 wapinzani wao walikuwa Mercedes, waliokuja na 450 SLC ya lita 5, silinda nane, na Mikkola mwenyewe kwenye usukani. Mehta na Mike Doughty wakashinda kwa Datsun, Mikkola wa pili. Nikiulizwa mwaka mmoja wa kuiwakilisha timu hii, nitautaja huo. Gari lenye nguvu zaidi lilikuwepo, lakini tope halipimi nguvu.

Mehta na Doughty wakarudia 1980, 1981 na 1982. Ushindi wa 1981 uliletewa pingamizi na kubishaniwa nje ya barabara kabla ya kuthibitishwa, na aliyebaki wa pili alikuwa mwenzake wa timu, Rauno Aaltonen wa Finland, mtu ambaye Safari ilimpa nafasi ya pili mara 6 na haikumpa ya kwanza hata siku moja. Mwaka 1982 Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye angekuwa bingwa wa dunia mwaka huo, alikuja na Opel na kumaliza nyuma ya Mehta. Ushindi mara 5 kwa dereva mmoja: hakuna mwingine aliyefikisha idadi hiyo Safari ikiwa sehemu ya ubingwa wa dunia.

Tanzania ya wakati huo ilikuwa katika dhiki. Mafuta yalikuwa adimu kiasi kwamba magari binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili alasiri bila kibali. Spea hazikuingia. Pikapu za Datsun 1200 na saluni za 120Y zilizokuwepo nchini zilibaki barabarani kwa sababu mafundi walijua kuchonga bushi, kuziba rejeta na kuhamisha kabureta kutoka gari moja kwenda jingine. Kiwanda kilikuwa kimethibitisha kwamba gari hizo hazifi upesi. Waliozizuia kufa kabisa ni mafundi wetu, na kazi hiyo haikupewa kombe.

Hapo ndipo ninapotofautiana na historia za kampuni zinazoieleza timu hii kama hadithi ya Japani peke yake. Chuma kilikuwa cha Japani, na ukaidi wa kurudi baada ya 1963 ulikuwa wao. Lakini ushindi wote saba uliletwa na madereva wenye makazi Afrika Mashariki, waliojua mto upi hupungua alfajiri na udongo upi hudanganya ukikauka juu. Timu iliwasikiliza. Aibu yake ni ya zama zake: katika majina ya walioshinda ndani ya magari hayo, madereva na waelekezi, hamna Mwafrika mweusi hata mmoja.

Mwisho haukuwa na kishindo. Mwaka 1983 Ari Vatanen alishinda kwa Opel, na magari mapya yenye nguvu kwenye magurudumu yote manne yakaibadili kazi nzima. Jina la Datsun lilikuwa tayari linafutwa taratibu na Nissan. Gari la 200SX, bado likisukumwa na magurudumu ya nyuma, liliwapa nafasi ya pili na ya tatu mwaka 1988, Mike Kirkland akiwa mbele ya Per Eklund. Mwaka 1991 Pulsar GTI-R ilifika ya tano. Mwaka uliofuata Nissan waliondoka katika ubingwa wa dunia. Mehta aliumia vibaya katika ajali ya mbio za Misri mwaka 1987, akaendelea na uongozi wa mchezo huo kimataifa, akafariki London 2006. Ile 240Z ya 1971 imehifadhiwa na Nissan huko Zama, karibu na Tokyo.

Nafasi yao ilichukuliwa na Toyota, ambao leo ndio wenye Mlabani. Toyota walishinda Safari mara ya kwanza 1984, kwa Björn Waldegård wa Sweden, wakazoea. Mbio ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, sasa zikiwa Naivasha, Toyota walizichukua kila mwaka hadi 2025. Madereva wao wa kiwanda wametoka Ufaransa, Finland, Wales na Japani. Mkenya wa mwisho kuishinda Safari ikiwa sehemu ya ubingwa wa dunia ni Ian Duncan, mwaka 1994, naye alikuwa ndani ya Toyota.