Trauma mu Kivu: ugonjwa ulitangulia, jina likafuata

Neno "trauma" leo liko mu kinywa cha kila mutu. Mwanafunzi akikosa mutihani anasema amepata trauma. Mutu akiibiwa simu ku soko, vilevile. Lakini wababu zetu hawakulijua, na hata waganga wa Ulaya walilifikia kwa kusukumwa na vita zao wenyewe.

Mu 1915, Charles Myers, muganga mu jeshi la Uingereza, aliandika mu gazeti la waganga juu ya askari waliopoteza kuona na kumbukumbu kisha bomu kulipuka karibu nao, bila kidonda cha kueleza jambo hilo. Wakubwa wengi wa jeshi waliona ni uoga tu. Ni paka 1980, kisha vita ya Vietnam, ndipo wataalamu wa Marekani waliuandika ugonjwa huo mu kitabu chao cha magonjwa ya akili. Jina walilolichagua linasema ni shida ya BAADA ya pigo. Mushike hiyo "baada", tutairudilia.

Mu Afrika, Frantz Fanon alikuwa amekwisha kuona mengi mu hospitali ya Blida, Algeria, kuanzia 1953. Kitabu chake cha 1961 kinaonyesha waliopigwa na polisi, na polisi wenyewe waliokuwa wanapiga: wote wawili hawalali. Kule Dakar, Henri Collomb aliacha ndugu ya mugonjwa akae naye hospitalini, na hakufukuza waganga wa kienyeji. Kwa wakati ule, haikuwa jambo dogo.

Jirani zetu wa Rwanda, kisha mauaji ya 1994, walikuwa na neno lao: ihahamuka. Ni kukosa pumzi kwa hofu. Muganga asiyejua neno hilo anatafuta pumu, anatafuta ugonjwa wa moyo, hapati kitu, anasema mugonjwa anajifanya.

Kwetu Kivu, nani anafika ku kituo cha afya na kusema "niko mugonjwa wa akili"? Hakuna. Anasema: niko na mawazo mingi, moyo unaruka, kichwa kinawaka, silale. Muuguzi anapima malaria, anatoa dawa ya maumivu, anamurudisha nyumbani. Pale jirani anasema ni ulozi, ku chumba cha maombi wanasema ni pepo. Bukavu ilipata kituo cha Sosame mu 1994, lakini kwa watu wengi kule ni "kwa wazimu", na mama anayeota ndoto mbaya kila usiku hajihesabu kuwa wazimu. Basi anabakia na shida yake.

Tusicheke wazee mbio-mbio. Mama aliyebakwa kisha akafukuzwa na bwana wake, akiulizwa shida yake ni nini, hataanza na ndoto. Ataanza na nyumba, watoto, shamba, na nani atakubali kula naye. Kijiji kinaona kidonda mu ujamaa. Karatasi ya muganga inaona kidonda mu kichwa. Kwa maoni yangu, kijiji kilikuwa kinaona sehemu ambayo karatasi haikuwa na mustari wa kuiandikia.

Panzi ilijifunza hivyo kwa kazi. Hospitali ya Lemera, ambamo Denis Mukwege alikuwa anatumika, ilishambuliwa mu Oktoba 1996, wagonjwa wakauawa mu vitanda. Mu 1999 alianzisha Panzi, akifikiri ya kuzalisha wamama. Mugonjwa wa kwanza akawa mwanamuke aliyebakwa na kupigwa risasi. Kushona peke yake hakukutosha. Polepole kazi ikawa na nguzo ine: mwili, moyo, sheria, na njia ya kupata feza.

Sasa, mu inchi ambamo wataalamu wa akili ni wachache sana, nani atasikiliza wamama wa vijijini? Jibu moja lilitoka mu 2013. Watafiti walipima matunzo ya mazungumzo mu vijiji 15 vya mashariki ya Congo, kwa wamama 405 waliotendewa jeuri ya kingono ao kuishuhudia. Walioongoza hawakuwa waganga, ni wasaidizi wanawake wa hapa hapa. Wamama wengi hawakusoma, kwa hiyo mazoezi ya kuandika yaligeuzwa kuwa ya kukumbuka. Kisha miezi 6, mu vikundi vya matunzo ni 9% tu waliobakia na huzuni nzito ao wasiwasi mukali. Mu vijiji vya musaada wa kawaida, wa mutu mumoja-mumoja, ni 42%.

Lakini vijiji vilikuwa 16 ku mwanzo. Kimoja kiliondolewa juu ya mashaka kuhusu uwezo wa musaidizi wake. Wale wanaosema "mufundishe mutu yeyote siku mbili tatu, inatosha" hawapendi kutaja kijiji hicho.

Turudi ku "baada". Wamama wale walitunzwa wakati silaha zingali zinasikilika, na mu Januari na Februari 2025 Goma na Bukavu zikaanguka. Mutu anayeruka akisikia mulio usiku, pengine masikio yake ni mazima kabisa. Muuguzi wa kijiji anapaswa kutenganisha hofu ya yaliyopita na hofu ya njia ya shamba ya kesho asubuhi, na ku karatasi aliyopewa zote mbili zinajazwa mu kisanduku kimoja.