Nani Croze: Msanii aliyegeuza vioo vilivyovunjika kuwa sanaa

Kioo kikivunjika, wengi hukizoa haraka na kukitupa mbali, watoto wasije wakajikata. Iwe Nyakato mjini Musoma au katikati ya Nairobi, vipande hivyo huhesabiwa kuwa taka zenye hatari. Kwa msanii Nani Croze, vilikuwa malighafi.

Mzaliwa huyo wa Ujerumani ndiye mwanzilishi wa Kitengela Glass, karakana ya sanaa ya kioo iliyopo kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, nchini Kenya. Alihamia katika nyika hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970, akiwa mchoraji wa picha za ukutani.

Maisha yake yanagusa pia Mkoa wa Mara. Kabla ya kwenda Kenya aliishi Serengeti na mumewe wa wakati huo, Harvey Croze, aliyekuwa mtafiti wa tembo. Haishangazi, basi, kwamba wanyama na ndege wa porini wamejaa katika kazi zake.

Baadhi ya kazi hizo ni madirisha ya vioo vya rangi vilivyounganishwa kwa risasi. Nyingine ni kuta za vipande vinene vya kioo vilivyoshikwa na saruji, ambavyo jua likipenya hung'aa mithili ya makaa. Yapo pia mapambo ya vigae vidogo na shanga.

Mwanawe, Anselm Croze, aliendeleza fani hiyo kwa njia ya kupuliza kioo cha moto. Njia hiyo ilikuwa ya viwandani hadi mwaka 1962, Harvey Littleton na Dominick Labino walipoonyesha mjini Toledo, Marekani, kwamba msanii mmoja anaweza kuyeyusha kioo katika tanuru dogo.

Vioo chakavu vya madirisha huyeyushwa katika joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Fundi huchota uji huo kwa bomba la chuma, hupuliza na kuuzungusha bila kusita, kwani ukipoa hauumbiki tena.

Kazi haiishii hapo. Chombo hupozwa polepole kwa saa nyingi ndani ya tanuru jingine. Kikiachwa kipoe ghafla hupasuka. Hata kuchanganya kioo cha dirisha na cha chupa kunaweza kuharibu kazi, kwa sababu aina hizo hazinywei kwa kiwango kimoja zinapopoa.

Nchini Tanzania, karakana ya Shanga ya jijini Arusha imedhihirisha kuwa fani hiyo inaweza pia kuwa ajira. Mafundi wake, wengi wao wakiwa watu wenye ulemavu, wamekuwa wakitengeneza shanga na vyombo kutokana na chupa zilizotumika.

Chupa tupu na vioo vilivyovunjika haviadimiki katika mji wowote. Kilicho adimu ni tanuru, na fundi aliye tayari kumrithisha mwingine ujuzi wake.