Kushinda ni jambo moja, kuthibitishwa ni jingine

Sisi waandishi wa habari tukishapata namba za usiku tunakimbilia kichwa cha habari. Kumbe kisheria namba zile bado si matokeo rasmi.

Nichukue mfano wa Crystal City, mji mdogo wa Texas, Marekani. Desemba 1969 wanafunzi wenye asili ya Mexico waligoma kupinga ubaguzi shuleni kwao. Aprili 1970 wagombea wa chama kipya, La Raza Unida, wakanyakua viti 3 vya bodi ya shule, na José Ángel Gutiérrez akawa mwenyekiti wa bodi hiyo.

Sasa jiulize, nani anathibitisha kura za bodi ya shule? Kwa sheria ya Texas ya leo, ni bodi yenyewe! Inakaa kikao cha wazi, inajumlisha hesabu za vituo vyote na kutangaza. Yaani aliyebwagwa anaweza kuwa mezani siku hiyo. Ila sheria imemfunga mikono: wajumbe 2 tu wanatosha kuendesha kikao, kwa hiyo kususa hakusaidii, na hesabu hawezi kuikataa kwa sababu imemuuma. Mwenye malalamiko aende mahakamani.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu. Usimwombe aliyeshindwa awe muungwana. Mpe kazi ya karani. Au wadau mnasemaje?