Hesabu ya Watu na Miaka Iliyo Kati

Je, watu wa Punia huongezeka kiasi gani kila mwaka? Anayeagiza chanjo na anayejenga darasa, wote wawili walihitaji jibu la swali hili, na jibu likikosewa, watoto hukosa dawa.

Tangu uhuru wa mwaka 1960, nchi yetu ya Kongo imehesabu watu wake wote kwa utaratibu wa kitaalamu mara moja tu, tarehe 1 Julai 1984, ilipoitwa Zaire. Siku zile Maniema ilikuwa bado sehemu ya Kivu. Ikawa mkoa peke yake mwaka 1988. Basi mtu akilinganisha Kivu ya 1984 na Kivu iliyobaki baadaye, ataona watu wamepungua ghafula, kumbe ni mpaka tu uliosogezwa.

Hesabu moja haionyeshi mwendo. Kwa hiyo tutazame jirani zetu wa Tanzania, ambao wamehesabiwa mara nyingi. Kwa mamilioni, walikuwa hivi:

1978 — 17.5
1988 — 23.1
2002 — 34.4
2012 — 44.9
2022 — 61.7

Kwa macho tu, tangu 1978 hata 1988 waliongezeka milioni 5.6, na tangu 1988 hata 2002 milioni 11.3, yaani mara mbili. Lakini kipindi cha kwanza ni miaka 10, cha pili ni 14, tena kilianza na watu wengi zaidi. Ukihesabu kwa mwaka, cha kwanza chatoa 2.8 kwa mia, cha pili 2.9. Karibu ni sawasawa!

Twahesabuje? Wengi hugawanya tu. Tangu 2002 hata 2012 waliongezeka milioni 10.5, nayo ni 30.5 kwa mia ya 34.4, wagawanya kwa miaka 10, wapata 3.05. Hapo wamekosea, kwa maana walioongezeka mwaka wa kwanza nao huzaa, kama mbuzi zizini. Tuijaribu: 34.4 tukiiongezea 3.05 kwa mia mara kumi mfululizo, twafika 46.5, watu zaidi ya milioni moja na nusu ambao hawakuwapo. Kwa 2.7 twafika 44.9 barabara. Kipindi kilichofuata, hata 2022, chatoa 3.2; ndicho kilichokwenda mbio kuliko vyote hivi.

Lakini kiasi cha nchi nzima si cha Punia. Huku, tangu zamani za Wabelgiji, watu walikuja kuchimba kasiteriti, ndiyo mawe ya bati. Na vita vya 1996 na 1998 viliwatawanya wengi wa Maniema. Daftari la ubatizo la parokia lina tarakimu za kila mwaka, nalo lafaa sana. Ila lawahesabu waliobatizwa, si waliohama.